Keria ya Ukoo

Nataka kuandika habari za mama yangu kabla hasira hazijanipoa. Nikingoja zipoe nitaandika mambo ya adabu tu, na adabu ndiyo iliyotufikisha pale tulipofika.

Mama anaitwa Nangiro. Anaishi Kiwanjani, hapa Isiolo, na kila asubuhi huuza chai na chapati katika kibanda cha mabati alichokijenga mwenyewe. Ukimwuliza mtu yeyote mtaani atakuambia ni mama mpole, hana maneno. Neno hilo, mpole, nimelichukia. Watu hulitumia kwa mtu waliyezoea kumkalia.

Dada yangu mdogo, Bridget, aliitwa kujiunga na shule ya upili ya bweni upande wa Meru. Bridget alizaliwa na tatizo la uti wa mgongo, na miguu yake haijawahi kumbeba. Anacho kiti chake: magurudumu matatu, mnyororo kama wa baiskeli, na pedeli za kuzungusha kwa mikono. Kiliundwa kwa barabara zetu za mawe na vumbi. Hakikunjiki, wala hakiingii ndani ya gari la kawaida. Akiwa juu ya kiti hicho, Bridget huenda dukani, kanisani, sokoni, na hugombana na watu wa bodaboda kama vile barabara ni ya babake. Akiondolewa hapo anakuwa mzigo wa mtu. Mwalimu mkuu wa shule hiyo alimwambia mama kwa simu bila kuzunguka: shule haina kiti cha ziada. Mtoto aje na chake, la sivyo nafasi itapewa mwingine.

Gari tulikuwa nalo, gari jeupe la zamani lenye buti ndefu. Baba yangu, Lokwang, aliliendesha kwa miaka akiwa dereva wa shirika fulani la misaada. Shirika lilipofunga ofisi, wakubwa waliondoka na magari mazuri, na baba akaachiwa hilo mahali pa kiinua mgongo chake. Nilipouliza ni haki gani hiyo, baba aliniambia, "Kevin, diploma yako ipeleke kwa wanaoilipia."

Kwa hiyo tulihitaji keria. Hilo tu. Keria ya kuweka kiti kimoja juu ya gari moja.

Tulianzia kwa Abdinajib, mwenye duka la spea barabara kuu.

"Salaam aleikum, dereva."

"Aleikum salaam," baba akajibu. "Tunatafuta keria."

Abdinajib akatuonyesha moja ya aluminiamu, bado imefungwa nailoni. Baba akaipapasa kama anayechagua fahali mnadani. Akauliza bei, akaondoa mkono. Ilikuwepo nyingine iliyotumika, ya bei ya chini, lakini miguu yake ilikuwa ya kushika reli za juu ya paa, na gari letu halina reli, lina mifereji tu pembeni.

"Ningekuuzia," Abdinajib akasema, "halafu ianguke pale kwa mlima, na wewe urudi kunilaani. Unabeba nini hasa?"

"Kiti cha msichana wangu," mama akasema.

"Yule wa pedeli? Alinikanyaga kidole hapa nje, halafu akaniambia nitoe mguu wangu barabarani!" Akacheka hadi akashika meza. "Huyo akifika shule, walimu wajipange. Mama, nenda kwa Mwongera akuchomelee. Itakuwa nafuu, na atapima kiti chenyewe."

Mwongera ni fundi wa kuchomelea vyuma, Mmeru, karakana yake iko nyuma ya soko. Alipima kiti, akapanda kwenye bampa akapima paa, akabonyeza bati kwa kidole gumba.

"Mabomba mawili ya kupita," akasema. "Fremu nyepesi katikati, na miguu minne ya kubana kwenye mifereji. Basi. Hili si paa la lori. Ukiweka chuma kingi, hicho chuma kitakuwa mzigo kabla hujaweka mzigo."

Bei yake ilikuwa ya watu kama sisi. Mama angeilipa kwa faida ya chapati, polepole, na Mwongera alikubali polepole hiyo. Tulitoka pale tukiwa tumemaliza. Laiti tungenyamaza.

Baba alimwambia ndugu yake.

Jumapili baada ya ibada, baba mdogo Lokuruka alifika nyumbani. Ni mfanyabiashara wa mbuzi, ana sauti ya kuita mifugo ng'ambo ya lugga, mto mkavu, hata akiwa amekaa kwenye kochi. Alikuja na shangazi Atabo, dada yao, anayeuza mifagio na mikeka, na mzee Ekuam wa kanisa letu.

"Ejok," Lokuruka akasalimu, kisha bila kungoja kiti: "Nasikia unatengeneza keria kisirisiri. Wewe ni mtu wa ukoo gani siku hizi? Wa Nairobi?"

"Ni keria ndogo," baba akasema. "Ya kiti cha Bridget."

"Ndogo!" Lokuruka akawageukia wenzake. "Mmesikia? Gari la kwanza katika boma la baba yetu, halafu huyu anataka kuliwekea kiota cha ndege. Na anunue chuma! Chuma, na sisi tuko hai! Mimi nina kitanda cha chuma kimelala tu nyuma ya nyumba. Chukua, kata, weka."

Mzee Ekuam akakumbuka lango la zamani la kanisa lililokuwa limeegemezwa ukutani tangu lile jipya liwekwe. Shangazi Atabo akasema marehemu mumewe aliacha mabomba ya kisima kilichokauka. Kila mmoja alitoa, na kila aliyetoa alisifiwa.

Mimi nilisimama nikawaambia kwamba kiti kimoja hakihitaji kitanda na lango. Nikawaambia fundi ameshapima.

"Kevin," Lokuruka akaniuliza kwa upole wa kuudhi, "kule chuo ulisomea nini?"

"Maendeleo ya jamii."

"Basi jamii ndiyo hii. Iendeleze, ukae chini."

Wakacheka wote, baba pia. Nami nikakaa, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

Msomaji asiyetoka kwetu huenda akaona hapo ukarimu. Ukarimu upo, sikatai. Lakini kwetu, mtu aliyetoa mbuzi mmoja kwenye mahari yako ana haki ya kuketi nyumbani mwako hadi uzeeni akiuliza kwa nini chai haina maziwa. Lokuruka alitoa mbuzi katika mahari ya mama. Mpaka leo humwita "mke wetu", na humtuma maji mbele ya wageni. Sasa alikuwa ametoa kitanda katika keria. Hesabu ni ile ile.

Mama alikuwa akimimina chai wakati huo wote. Hakuna aliyemwuliza chochote. Alisema tu, "Asanteni," akaongeza sukari kwenye kikombe cha mzee Ekuam.

Mwongera alipoletewa vyuma hivyo kwa mkokoteni, alivizunguka kama mtu aliyeletewa maiti asiyemfahamu. "Mimi ni fundi, nafanya ninachoambiwa," akaniambia pembeni. "Lakini hii si keria, kijana. Hii ni daraja." Mabomba ya shangazi yakapita chini, vyuma vya kitanda cha Lokuruka vikawa kingo, na lango la kanisa, likiwa na msalaba wake mdogo juu, likalazwa kuwa sakafu. Ilipofungwa juu ya gari, paa lilibonyea, na mlango wa nyuma ukawa haufungi hadi uuinue kwa goti. Lokuruka alilizunguka gari mara kadhaa akitikisa kichwa kwa furaha.

"Sasa limekaa kama gari," akasema.

Siku ya kwanza ya kuijaribu walileta magunia ya unga ya kupeleka Leparua. Wanaume wakasimama chini, wakatazama juu, na hakuna aliyepanda. Sikuelewa. Nikakanyaga tairi, nikaanza kupanda mwenyewe.

"Shuka," baba akasema kwa sauti ya chini. "Unatuaibisha."

Ndipo nikakumbuka. Kwetu, tunapohama, punda hupakiwa na mwanamke. Yeye ndiye hupanga vyombo, yeye ndiye hufunga kamba, na yeye ndiye hufungua wakifika. Mwanaume huenda mbele na mifugo. Mwanaume akionekana akifunga mzigo wa punda, marika yake watamtungia wimbo. Hawa waliokuwa wamesimama pale wana simu za mkononi, wana akaunti za benki, mzee Ekuam husoma neno kwenye tableti. Lakini walipoliona gari lenye mzigo mgongoni, waliona punda.

Mama akafunga leso yake kiunoni vizuri, akapanda.

Na tangu siku hiyo hakushuka. Unga wa Leparua ulikuwa wake kupakia. Vitunguu na matikiti ya Rapsu yalikuwa yake. Viti vya plastiki vya matanga, spika za kanisa, mifagio ya shangazi, vitanda vya wanaohama, yote yake. Kibanda chake kilifunguliwa akiwa amechelewa, na wateja wakahamia kwa jirani. Jioni alikuwa akijikanda magoti kwa mafuta ya kupikia. Nilimwambia baba kwamba huu ni utumwa. Akaniambia nisilete maneno ya mitandaoni nyumbani. Nilimwambia mama. Akaniambia, "Mwanangu, hata punda hupumzika wakifika." Nikamwuliza wanafika lini. Akaendelea kujikanda magoti.

Kiti cha Bridget, ambacho kwa ajili yake gari zima lilikuwa limepinda mgongo, hakikuwa kimepanda juu hata mara moja.

Asubuhi ya siku ya kuripoti, sanduku la Bridget lilikuwa limefungwa, sare imenyooshwa, na yeye yuko kwenye kiti chake mlangoni, amesukwa nywele hadi macho yamevutika. Tulitaka kuondoka mapema. Tulipotoka nje tukakuta mbuzi.

Mbuzi wa Lokuruka, wamefungwa miguu, wamelazwa mavumbini karibu na gari. Kando yao spika mbili za kanisa, ndefu kama kabati, za mkutano wa injili Meru. Na mifagio ya shangazi Atabo, marundo.

"Mke wetu, habari ya asubuhi," Lokuruka akasema. "Kwa kuwa gari linaenda Meru, tumeona lisiende bure."

Bure! Niliona giza. "Baba mdogo," nikasema, "leo Bridget anaenda shule."

"Nani amekataa? Si yeye atakaa ndani?"

"Na kiti?"

Lokuruka akakitazama kiti kama vile hajawahi kukiona. "Kiti kitafuata wiki ijayo. Soko la mbuzi ni leo."

Nilimgeukia baba. Nilimngoja aseme. Baba alikagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. "Tukipanga vizuri..." akaanza, akaacha.

"Mimi nitaingiaje darasani?" Bridget akauliza.

"Si utabebwa?" Lokuruka akasema, na nina hakika alidhani anamtia moyo. "Wewe ni mwepesi. Wasichana wenzako watapokezana."

Nimesoma mambo mengi kuhusu haki za watu, nimeandika insha nikapewa alama nzuri. Sijawahi kusikia hukumu ya kikatili kama hiyo ikitolewa kwa sauti ya kirafiki hivyo. Mtoto aingie shule ya upili mikononi mwa watu, aombe kubebwa kwenda msalani, ili mbuzi wawahi soko. Nilifungua mdomo nikaanza kupiga kelele. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka mzee Ekuam akisema, "Mwombeeni huyu kijana."

Mama alimwinua Bridget kutoka kwenye kiti, akamwingiza ndani ya gari, akamfunga mkanda. Akarudi. Akakitazama kiti, kisha akaniambia, "Kevin, shika huku. Ukinipa, achilia."

Akapanda. Nikamwinulia kiti, akakivuta juu, akakilaza katikati kabisa ya lile lango la kanisa, magurudumu yakaelekea pande zote kama miguu ya mnyama aliyelala. Akatoa kamba zake, akaanza kufunga. Alifunga kwa mkono na kwa meno, akikaza kwa goti, fundo juu ya fundo, hadi kiti na chuma vikawa kitu kimoja.

"Sasa mbuzi watakaa wapi?" Lokuruka akauliza.

"Sijui," mama akasema.

"Kisogeze pembeni."

"Nimeshafunga."

"Fungua basi!"

Mama akashuka, akakung'uta mikono. "Mimi nimefunga, baba mdogo wa watoto. Anayetaka kufungua apande afungue."

Watu walikuwa wamejaa. Wateja wake wa zamani wa chai walikuwepo, vijana wa boda walikuwepo, marika ya Lokuruka walikuwepo wakisafisha meno kwa miswaki. Lokuruka akaangalia zile kamba. Akanyanyua mguu hadi kwenye tairi. Mmoja wa marika yake, kutoka nyuma, akaanza kuimba kidogo, kwa mdomo uliofungwa, wimbo wa wanawake wanaopakia punda. Watu wakaangua kicheko. Mguu ukarudi chini.

"Lokwang!" akamgeukia baba. "Mwambie mke wako!"

Baba alikitazama kiti kule juu, akamtazama Bridget kupitia dirishani. Jasho lilikuwa limemtoka. "Amefunga mwanamke," akasema. "Mimi nifungue nikiwa nani?"

"Basi nipeni kitanda changu!" Lokuruka akapaza sauti. "Sasa hivi! Chuma changu hakiendi Meru bila mbuzi wangu!"

Nilifikiri mama atatulia, atamsihi, atamimina chai. Akafungua mlango wa mbele, akaketi. "Twende kwa Mwongera," akamwambia baba. "Akate."

Msafara tulioufanya kwenda karakana ya Mwongera sitausahau: gari letu mbele likienda polepole, Lokuruka akitembea nyuma kwa hasira, mzee Ekuam akimfuata, kwa kuwa kama kitanda kinarudi basi na lango lirudi, asije akaulizwa na kamati ya kanisa. Mama alifungua kamba zake mwenyewe, akakishusha kiti. Mwongera hakuuliza swali. Akavaa miwani, akawasha grainda, na cheche zikaruka juu ya gari letu hadi kwenye mchanga. Kitanda kikatoka vipande vipande. Lokuruka akavipokea kimoja kimoja, vikiwa bado vya moto, akiviweka begani. Lango likatoka likiwa na matundu na msalaba uliopinda. Mzee Ekuam akauliza ni nani atalipia marekebisho.

Yakabaki mabomba ya shangazi Atabo. Mwongera akazima mashine, akamtazama. Sote tukamtazama. Yeye pia alikuwa amekuja, na rundo la mifagio kichwani.

"Mnanitazamia nini?" shangazi akasema. "Kisima kimekauka, mume amekufa, mabomba nitapikia? Acheni hapo. Huyo mtoto asichelewe." Kisha akamnong'oneza mama, lakini nilisikia: "Mifagio mitatu itaingia chini ya kiti cha nyuma, wifi?"

"Itaingia hata mitano," mama akasema.

Tulifika shuleni wazazi wengi wakiwa wameshaondoka. Kule juu kulikuwa na baridi na ukungu. Mama akapanda juu ya gari mbele ya wasichana wote wa bweni na mababa wenye suti. Mmoja wao akaja mbio: "Mama, shuka, acha wanaume tufanye." Mama akamwambia apokee huko chini. Akafungua fundo moja moja, bila haraka, na yule bwana akasimama mikono juu akingoja kama tulivyongoja sote.

Bridget alipokaa kwenye kiti chake, msichana mmoja alishika mgongo wa kiti ili asukume.

"Toa mkono," Bridget akasema. "Nenda mbele, unionyeshe njia."

Akazungusha pedeli, akapanda ile njia ya kokoto kuelekea darasani, mnyororo ukilalamika kwa sababu ya vumbi la Isiolo.

Huku nyumbani wanasema Nangiro amevunja ukoo. Lokuruka hanywi chai kwetu tena. Vyuma vyake vimelala nyuma ya nyumba yake pale pale vilipokuwa, ila sasa ni vifupi. Kanisani walitangaza mchango wa lango na kutaja jina la mama, wakidai wanamwombea. Neno mpole hawalisemi tena, wanasema amekuwa mkali, kiburi, amesomeshwa na mwanawe. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa ni uongo mtupu. Mimi siku ile nilipiga kelele tu. Hata nilipojaribu kumsaidia kufunga kamba tulipokuwa tukiondoka kwa Mwongera, alinisukuma kando akasema nimelegeza, akafungua, akafunga upya.